Mbona inhela haimfungui kama zamani?

SWALI: Mke wangu ana miaka 41, na pumu anayo tangu utotoni. Zamani mipulizo miwili ya salbutamol ilimtosha. Siku hizi, hasa upepo wa Agosti ukianza kutimua vumbi, hata sita haimalizi kubanwa. Je, mwili umeizoea dawa?
Msomaji, Kongwa

JIBU: Mazoea yamo. Salbutamol ikitumiwa peke yake kila siku, misuli huanza kuiitikia kivivu. Lakini kwa pumu ya miaka mingi tunashuku zaidi kwamba njia za hewa zenyewe zimebadilika umbo.

Salbutamol hulegeza misuli inayozunguka njia ya hewa, basi. Pumu isiyotulizwa huacha uvimbe ukutani, na mwili hauchoki kuukarabati: chini ya utando wa ndani hujengeka tabaka la kovu, misuli hunenepa, seli za kutoa makohozi huongezeka, mishipa midogo ya damu huchipua. Ukuta unanenepa kuelekea ndani. Misuli hata ikilegea, kovu halilegei. Na njia ikipungua kipenyo kwa nusu, ukinzani wa hewa huongezeka kama mara 16.

Aombe kipimo cha spirometria: anapuliza, anapewa salbutamol mikrogramu 400, anasubiri dakika 15, anapuliza tena. Hewa ya sekunde ya kwanza ikiongezeka kwa asilimia 12 na mililita 200, bado kuna kinachofunguka. Isipoongezeka, msikimbilie kusema ni kovu, maana uvimbe na makohozi pia huziba. Kipimo kirudiwe baada ya miezi kama mitatu ya matibabu.

Matibabu hayo ni inhela ya steroidi, mfano beklometasoni au budesonidi, kila siku hata kifua kikiwa shwari. Kovu la zamani hailiondoi kirahisi, ila hutuliza uvimbe unaolikuza. Wengi huiacha siku ya tatu kwa kuwa haifungui papo hapo. Haikutengenezwa kwa kazi hiyo.

Kabla ya kulaumu dawa, tazameni anavyoivuta. Toboeni kitako cha chupa ya plastiki ya nusu lita, tundu libane mdomo wa inhela. Atikise inhela, aibonyeze mara moja tu dawa iingie ndani ya chupa, aivute taratibu kupitia mdomo wa chupa, abane pumzi sekunde 10. Akibonyeza mara mbili kwa mpigo, dawa nyingi huganda kwenye plastiki. Baada ya steroidi asukutue na kutema, la sivyo kinywa kinaweza kuota utando mweupe.

Na mipulizo sita isipomfungua, hiyo ni dharura. Apewe 4 hadi 10 kila baada ya dakika 20, mmoja mmoja kupitia chupa, huku mkiwa njiani kwenda hospitali. Akishindwa kumaliza sentensi au midomo ikibadilika rangi, ondokeni papo hapo, msingoje hata mpulizo wa pili; dawa iendelee njiani.

SWALI: Eksirei yangu ni safi. Basi sina pumu?
Msomaji, Bahi

JIBU: Unaweza kuwa nayo. Eksirei ya mwenye pumu mara nyingi huwa safi. Huombwa zaidi kutafuta TB, nimonia na mengineyo.