Kinachoificha Sirius B

Swali la wiki liliuliza inawezekanaje Sirius B, nyota ya samawati-nyeupe yenye joto kali kuliko Jua, iwe hafifu hata isionekane kwa macho. Wengi watataja umbali, lakini Sirius B iko miaka ya nuru 8.6 tu kutoka kwetu, nao huo ni ujirani kwa hesabu za anga.

Joto la uso wake ni nyuzi 25,000 hivi, ilhali la Jua halifiki 6,000. Kwa hiyo kila mita ya mraba ya uso huo hutoa nishati zaidi ya mara 300 ya ile ya Jua, ingawa sehemu kubwa ni miali ya urujuanimno isiyoonekana kwa macho. Mita zenyewe, hata hivyo, ni chache. Hii ni nyota kibete nyeupe, kiini kilichosalia baada ya nyota kumaliza fueli yake, na tungamo linalokaribia lile la Jua limebanwa ndani ya tufe dogo kidogo kuliko Dunia.

Hata hivyo, udogo huo si jibu lote. Kipimo chake cha mwangaza, ambacho namba kubwa humaanisha nyota hafifu, ni 8.4; ni hafifu mno kwa macho matupu, lakini ingekuwa peke yake, hata darubini ya kawaida ya macho mawili ingeionyesha. Kinachoificha hasa ni mwenzake Sirius A, nyota ing'aayo kuliko zote za usiku, inayoizidi takriban mara 10,000. Mwanaastronomia Mjerumani Friedrich Bessel alibaini kuwapo kwa Sirius B mwaka 1844 kutokana na kuyumba kwa Sirius A, lakini haikuonekana hadi mwaka 1862, mtengenezaji wa darubini Alvan Graham Clark alipokuwa akijaribu lenzi mpya kubwa nchini Marekani. Hata sasa, pengo kati ya nyota hizo mbili likiwa karibu na upana wake wa juu katika mzunguko wao wa miaka 50, ni kama sehemu moja kati ya 160 ya upana wa Mwezi tuuonavyo.

Linganisha na 40 Eridani B, kibete mwingine mweupe, aliye mbali karibu mara mbili na hafifu zaidi: darubini ndogo humwonyesha bila shida, kwa kuwa jirani yake mng'avu si mkali mno na yuko mbali naye. Ningemshauri mwanagenzi aanze na huyo. Atakayeng'ang'ania Sirius B akiwa Dar es Salaam au Mombasa ana nafuu asiyo nayo mtazamaji wa London, kwani Februari, kati ya saa tatu na saa nne usiku, Sirius hupita karibu na utosi, ambako mwanga hupenya tabaka jembamba zaidi la hewa na nyota hazitetemeki sana.