Nchi ikijitoa kwenye jumuiya, usianze kwa kuhesabu vifaru

Kila inapotangazwa kwamba nchi fulani inajitoa kwenye jumuiya ya kikanda, watu huuliza kwanza habari za majeshi. Askari watarudi lini? Nani atamsaidia nani? Kwa kweli hilo ndilo jambo jepesi, maana majeshi yana njia nyingi za kuelewana nje ya jumuiya. Wanaoumia mapema ni polisi, waendesha mashtaka na walinzi wa mipaka. Kazi zao zinasimama juu ya sheria ya jumuiya, na sheria ikikoma, mlango unafungwa usiku uleule.

Uingereza ilitoka Umoja wa Ulaya tarehe 31 Januari 2020, lakini kipindi cha mpito kiliendelea hadi 31 Desemba mwaka huo. Siku hiyo ya mwisho ndipo polisi wake walipopoteza SIS II, kanzidata ya pamoja ya watu wanaotafutwa, waliopotea, magari na hati zilizoibwa. Mwaka 2019 walikuwa wameipekua zaidi ya mara milioni 500. Mbadala ni Interpol, ila utendaji wake ni mwingine. Tahadhari iliyowekwa na nchi moja kwenye SIS humfikia askari wa mpakani wa nchi nyingine papo hapo. Kwa Interpol, nchi yenye taarifa lazima iamue kuituma huko pia. Isipotuma, mtu anagongewa muhuri na kupita.

Kwa hiyo, kabla ya notisi ya kujitoa kuandikwa, tengeneza jedwali la safu nne: kazi inayofanyika, ibara inayoiruhusu, siku inayokoma, na njia itakayobaki. Andika kazi, usiandike jina la taasisi. Ukiandika "Europol", shirika la polisi la Umoja wa Ulaya, hujasema kitu. Maafisa uhusiano wa Uingereza bado wako The Hague, kwenye makao yake. Kilichopotea ni kiti kwenye bodi na ruhusa ya kuingia wenyewe kwenye kanzidata. Kulinganisha vinasaba na alama za vidole, kwa upande mwingine, kuliendelea chini ya mkataba mpya wa biashara na ushirikiano wa Desemba 2020. Majibu matatu tofauti, na yote yangefichwa na mstari mmoja wa jedwali baya.

Kwenye kukabidhiana watuhumiwa, usiishie kusoma mkataba. Soma na katiba za majirani. Ibara ya 16 ya katiba ya Ujerumani inaruhusu raia wake akabidhiwe tu kwa nchi ya Umoja wa Ulaya au mahakama ya kimataifa. Uingereza ilipotoka, mlango huo ulijifunga wenyewe, na hakuna balozi wa kuufungua kwa maneno matamu. Kesi zilizo njiani nazo zinahitaji kigezo kilichoandikwa waziwazi. Waingereza na Umoja walichagua siku ya kukamatwa: aliyekamatwa kabla mpito haujaisha alishughulikiwa kwa utaratibu wa zamani, hata kama hakuwa amekabidhiwa bado. Kigezo kisipoandikwa, mawakili watakiandika wao mahakamani.

Upande wa ulinzi, kosa la kawaida ni kudhani kwamba ukisogeza tarehe mbele, wenzako nao watasubiri. Operesheni Atalanta ya Umoja wa Ulaya, inayopambana na uharamia kwenye pwani ya Somalia, ilikuwa ikiongozwa kutoka Northwood, Uingereza. Makao yake yalihamia Rota, Hispania, tarehe 29 Machi 2019, siku iliyokuwa imepangwa awali kuwa ya kutoka. Uingereza yenyewe ikabaki ndani miezi kumi zaidi, lakini makao hayakurudi.

Angalia pia mikataba ambayo jumuiya imefunga na nchi za nje. Mwaka 2009 Kenya ilikubali kupokea washukiwa wa uharamia kwa barua ilizobadilishana na Umoja wa Ulaya. Barua za namna hiyo ni mali ya jumuiya, hazimfuati mwanachama anayeondoka. Uingereza ilikuwa na makubaliano yake na Kenya tangu Desemba 2008, na hivyo ndivyo inavyofaa: kuwa na karatasi yako mwenyewe mapema.

Makubaliano ya kulinda nyaraka za siri yawe ya kwanza kusainiwa, kwa sababu bila hayo hata mazungumzo ya ulinzi hayaendi mbali. Haya Uingereza iliyapata pamoja na mkataba wa biashara. Sura ya ulinzi haikuipata, maana serikali ya wakati huo haikutaka kuijadili. Ubia wa usalama na ulinzi ulikuja tarehe 19 Mei 2025. Pengo la zaidi ya miaka minne lilivumilika kwa sababu ya NATO.

Kama huna paa la pili la namna hiyo, hali ni ngumu zaidi. Mali, Burkina Faso na Niger zilijenga lao kwanza, Mkataba wa Liptako-Gourma wa kulindana wa Septemba 2023, ndipo Januari 2024 zikatangaza kuondoka ECOWAS, jumuiya ya Afrika Magharibi. Zilitaka kutoka mara moja, lakini mkataba wa ECOWAS unadai notisi ya mwaka mmoja, na zilihesabiwa kuwa nje tarehe 29 Januari 2025. Miezi miwili baadaye Niger ikajitoa kwenye kikosi cha pamoja cha Ziwa Chad, ambacho si cha ECOWAS hata kidogo. Jedwali lako haliwezi kuonyesha jambo kama hilo, kwa hiyo ongeza safu ya tano: mikataba iliyo salama kisheria lakini inategemea watu waliokwisha kununiana.

Kwa Afrika Mashariki, Ibara ya 145 ya Mkataba wa Jumuiya inataka theluthi mbili ya wabunge wote wenye haki ya kupiga kura, kisha notisi ya maandishi ya miezi kumi na miwili kwa Katibu Mkuu. Notisi inaweza kufutwa kabla ya muda kuisha. Hata hivyo, anzeni kazi siku inapopokelewa: miezi miwili ya kukamilisha jedwali mliloanza mapema, minne ya kusaini makubaliano ya nchi kwa nchi, na sita ya kupitisha sheria bungeni. Hapo kwenye sheria ndipo kalenda nyingi hukwama.