Maswali ya Wasomaji: Nani Humweka na Kumwondoa Rais wa Barcelona?

Tumepokea barua nyingi zinazouliza kuhusu marais wa FC Barcelona, na nyingi zinauliza nani alileta makombe mangapi. Hayo ni rahisi kuyapata. Safari hii tumechagua maswali yanayogusa jambo linaloandikwa kwa nadra: katika kila zama za klabu hii, nani alikuwa na haki ya kumweka rais madarakani, na nani aliweza kumtoa.

Kijiweni kwetu tunabishana kila siku. Wengine wanasema rais wa kwanza wa Barcelona ni Joan Gamper, wengine wanakataa. Ukweli ni upi? (Msomaji, Tabora)

Wanaokataa wako sahihi. Gamper ni mwanzilishi, lakini hakuwa rais wa kwanza. Alizaliwa Winterthur, Uswisi, mwaka 1877 kwa jina la Hans, na tarehe 22 Oktoba 1899 alitoa tangazo katika gazeti la Los Deportes akitafuta wenzake wa kucheza nao soka. Mkutano wa kuunda klabu ulifanyika tarehe 29 Novemba mwaka huohuo katika ukumbi wa mazoezi wa Solé. Urais alipewa Walter Wild kwa sababu ndiye aliyewazidi wenzake umri, na Gamper akachukua unahodha.

Zamu ya Gamper ilifika tarehe 2 Desemba 1908, klabu ikiwa mahututi. Vicenç Reig, aliyemtangulia, alikuwa ameachia ngazi baada ya wiki tatu tu, na wanachama walikuwa wamebaki 38. Gamper aliwafuata wanachama mmoja mmoja, akakusanya fedha, na mwaka uliofuata klabu ikapata uwanja wake wa mtaa wa Indústria. Aliongoza vipindi vitano visivyofuatana: 1908–1909, 1910–1913, 1917–1919, 1921–1923 na 1924–1925. Uwanja wa Les Corts ulifunguliwa mwaka 1922, yeye akiwa rais.

Kipindi cha mwisho hakukimaliza kwa hiari yake. Tarehe 14 Juni 1925, pale Les Corts, mashabiki waliuzomea wimbo wa taifa wa Hispania uliopigwa na bendi ya wanamaji wa Uingereza. Utawala wa kidikteta wa Primo de Rivera uliufunga uwanja kwa miezi sita, adhabu iliyopunguzwa baadaye hadi mitatu, na Gamper akalazimika kuacha urais na kuondoka nchini. Huyo ndiye rais wa kwanza wa klabu hii kuondolewa na dola badala ya wanachama.

Ni kweli kuna rais wa Barcelona aliyeuawa? Klabu iliongozwa na nani baada yake? (Msomaji, Kigoma)

Ni kweli. Anaitwa Josep Sunyol. Alichukua urais mwaka 1935, huku akiwa pia mbunge wa Esquerra Republicana, chama cha mrengo wa kushoto cha Catalonia, jimbo lenye jiji la Barcelona. Tarehe 6 Agosti 1936, wiki chache baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe kuanza, gari lake lilivuka mstari wa mapigano katika milima ya Guadarrama karibu na Madrid. Wanajeshi wa Jenerali Franco, waliokuwa wakipigana na serikali, walimkamata na kumpiga risasi bila kesi yoyote.

Kamati ya wafanyakazi wa klabu ndiyo iliyoshika usukani. Uamuzi wake mkubwa ulikuwa ziara ya Mexico na Marekani mwaka 1937. Mapato ya ziara ile yalisaidia kulipa madeni, ingawa wachezaji wengi hawakurudi nyumbani. Wasomaji wengi hushangaa jinsi klabu isiyo na rais, ndani ya nchi iliyo vitani, ilivyoweza kusalimika. Jibu ni hao wafanyakazi, na ni haki wakumbukwe sambamba na marais.

Vita vilipokwisha, dola ndiyo iliyoteua rais. Mwaka 1940 aliwekwa Enrique Piñeyro, mtu wa tabaka la makabaila asiye na historia yoyote katika soka. Mwaka 1943 Barcelona ilifungwa 11–1 na Real Madrid katika mchezo wa kombe ambao hadi leo unazungumzwa kwa vitisho vilivyowapata wachezaji wa Barcelona. Piñeyro, aliyewekwa na utawala uleule, alijiuzulu.

Camp Nou ilijengwa na rais gani? Na je, ni kweli iliifilisi klabu? (Msomaji, Mombasa)

Ilijengwa chini ya Francesc Miró-Sans, rais wa 1953 hadi 1961. Jiwe la msingi liliwekwa Machi 1954 na uwanja ukafunguliwa tarehe 24 Septemba 1957. Klabu haikufilisika, lakini gharama ziliikaba roho. Makadirio ya awali yalikuwa peseta (sarafu ya Hispania ya wakati huo) milioni 66, na gharama ikaishia peseta milioni 288, yaani zaidi ya mara nne.

Hesabu za uongozi zilitegemea kuuza kiwanja cha Les Corts, na hapo ndipo palipokwama. Ardhi ile haikuwa imeruhusiwa kujengwa nyumba, kwa hiyo bei yake ilikuwa ndogo. Kibali cha kubadili matumizi kilipatikana miaka ya 1960, Enric Llaudet akiwa rais, na hapo tu deni likapata wa kulipunguza. Kabla ya hapo, mwaka 1961, kiungo Luis Suárez aliuzwa Inter ya Milano kwa peseta milioni 25. Kwa miaka mingi baada ya uwanja kufunguliwa Barcelona ilikuwa na jengo kubwa kuliko timu: toka ubingwa wa 1960, taji la ligi halikurudi hadi 1974, baada ya rais Agustí Montal Costa kumsajili Johan Cruyff mwaka 1973.

Mwanachama wa kawaida anaweza kuwa rais? Naomba hatua kwa hatua. (Msomaji, Morogoro)

Kwa maandishi anaweza. Kura ya moja kwa moja ya wanachama wote ilianza Mei 1978, siku Josep Lluís Núñez alipowashinda Ferran Ariño na Nicolau Casaus. Alimzidi Ariño kwa kura zisizofika 1,000, kisha akakaa miaka 22.

Tuchukue uchaguzi wa 2021 kama mfano, kwa kuwa hesabu zake ziko wazi. Kwanza, mgombea alitakiwa awe mwanachama kwa miaka 10 mfululizo. Pili, alitakiwa kukusanya sahihi 2,257 za wanachama wenye haki ya kupiga kura. Hatua hii huwaondoa wengi, maana sahihi huhakikiwa moja moja, na isiyolingana na daftari la wanachama hutupwa. Mgombea makini hukusanya ziada ya kutosha. Tatu ni kura yenyewe. Mpiga kura alitakiwa awe na umri wa miaka 18 na uanachama wa mwaka mmoja au zaidi. Uchaguzi ulipangwa Januari 24, ukaahirishwa kwa sababu ya korona hadi Machi 7, na kwa mara ya kwanza ikaruhusiwa kura ya posta. Joan Laporta alipata asilimia 54.28, Víctor Font akafuata, Toni Freixa akawa wa tatu.

Hatua ya nne ndiyo iliyokuwa ngumu kuliko zote. Sheria ya Michezo ya Hispania ya mwaka 1990 ilizilazimisha klabu za kulipwa kuwa kampuni za hisa, isipokuwa nne zilizokuwa na hesabu safi: Barcelona, Real Madrid, Athletic Bilbao na Osasuna. Kwa kuwa hizo nne hazina mwenye hisa wa kubeba hasara, wakurugenzi walitakiwa kuweka dhamana ya benki sawa na asilimia 15 ya bajeti. Kwa Laporta hiyo ilikuwa euro milioni 124.6. Alishinda Machi 7, lakini karatasi za dhamana zilikamilika kwa mthibitishaji usiku wa kuamkia Machi 17, siku aliyoapishwa. Bila dhamana ile, ushindi wake ungekuwa wa makaratasi tu.

Sheria mpya ya mwaka 2022 imeifuta dhamana hiyo. Kwa maoni yetu ni nafuu kwa mwanachama asiye na matajiri nyuma yake, lakini imeondoa pia kitu kilichomfanya mkurugenzi afikiri mara mbili kabla ya kusaini mkataba mnono wa mchezaji.

Mbona Bartomeu aliondoka bila uchaguzi? Wanachama wanaweza kumfukuza rais? (Msomaji, Bujumbura)

Wanaweza, kwa kura ya kutokuwa na imani. Kuna vizingiti viwili: idadi ya sahihi za kuiitisha, na theluthi mbili ya kura ili rais na bodi yake waondoke.

Mwaka 1998 Núñez aliitishiwa kura hiyo na kundi la wanachama wapinzani liitwalo Elefant Blau, lililoongozwa na wakili kijana aitwaye Joan Laporta. Núñez alipita bila shida. Miaka kumi baadaye, Julai 2008, zamu ilikuwa ya Laporta mwenyewe, baada ya misimu miwili bila kombe kubwa. Asilimia 60.6 ya waliopiga kura walimkataa. Walikuwa wengi waziwazi, lakini hawakufika theluthi mbili, akabaki. Wakurugenzi wanane walijiuzulu. Pep Guardiola ndiyo kwanza alikuwa amekabidhiwa timu ya kwanza, na mwaka 2009 ikabeba makombe sita. Kama katiba ingedai nusu tu ya kura, rais aliyemteua kocha huyo angekuwa ameondoka kabla ya mechi ya kwanza ya ligi.

Mwaka 2008 sahihi za asilimia 5 ya wapiga kura zilitosha kuitisha kura. Baadaye kizingiti kilipandishwa hadi asilimia 15, na wengi wakaamini hakivukiki tena. Josep Maria Bartomeu aliingia Januari 2014 akiwa makamu, baada ya rais Sandro Rosell kujiuzulu kufuatia kesi ya usajili wa Neymar, kisha akashinda uchaguzi wa 2015. Agosti 2020 timu ilifungwa 8–2 na Bayern Munich, na siku chache baadaye Lionel Messi akaandika rasmi kwamba anataka kuondoka. Zilihitajika sahihi 16,520. Ziliwasilishwa zaidi ya 20,000, zikakusanywa katikati ya janga, uwanja ukiwa umefungwa kwa mashabiki. Bartomeu aliomba kura isogezwe kwa sababu za kiafya, serikali ya Catalonia haikukubali, na tarehe 27 Oktoba akajiuzulu na bodi nzima. Carles Tusquets akaongoza kamati ya mpito hadi uchaguzi.

Kwa hiyo hakufukuzwa kwa kura. Aliondoka akiiona inakuja.

Simba na Yanga nazo ni za wanachama. Tofauti iko wapi? (Msomaji, Dar es Salaam)

Tofauti iko kwenye hisa. Kanuni za Tanzania zinawaachia wanachama asilimia 51 na kumruhusu mwekezaji hadi asilimia 49, na ndiyo njia Simba iliyoifuata mwishoni mwa 2017 kwa zabuni ya shilingi bilioni 20 ya Mohammed Dewji. Ndani yake mna vichwa viwili: mwenyekiti anayechaguliwa na wanachama, na mwenyekiti wa bodi. Yanga ilibadili katiba mwaka 2021, na Julai 2022 ikamchagua Hersi Said kuwa rais.

Barcelona haina hisa za kuuza kwenye klabu yenyewe. Hesabu na bajeti hupitishwa kila mwaka na mkutano wa wajumbe, wengi wao wakipatikana kwa bahati nasibu kutoka kwenye daftari la wanachama, bila kampeni. Kwa mwanachama wa Simba au Yanga anayetaka kujua nguvu yake, aanze na katiba ya klabu yake na kutafuta mambo matatu: nani anaitisha mkutano mkuu wa dharura, kwa sahihi ngapi, na ni sehemu gani ya kura inayomwondoa kiongozi.