Bakuli la Paka: Kuinua au Kutoinua

*Shikamoo, daktari. Paka wangu ana miaka 13. Akila huinama kwa taabu na huacha nusu ya chakula. Je, bakuli la kuinuliwa litamfaa? (Msomaji, Tanga)*

Marahaba. Litamfaa, na kwa kweli bakuli hilo ni la wazee kama huyu kuliko paka vijana wanaonunuliwa bakuli hilo kwa ajili ya urembo wa jiko. Uchunguzi wa picha za eksirei za paka 100 waliozidi miaka 12, uliochapishwa Marekani mwaka 2002, ulikuta viungo vilivyochakaa kwa 90 kati yao, ilhali paka halalamiki: huacha tu kurukia dirisha, kujilamba mgongo na kumaliza sahani. Bakuli likifika usawa wa viwiko vyake, shingo na mabega hupumzika. Tofali la kuchoma lililolazwa latosha. Stendi ya bei waachie wenye fedha za kuchezea. Hata hivyo, akaguliwe meno na figo, kwani hizo nazo humfanya paka asusie chakula. Parasetamoli asipewe hata kipande, kwa maana inaua paka.

*Nimeinua bakuli wiki mbili sasa, bado anatapika kila akila. Niongeze kimo? (Msomaji, Dodoma)*

Usiongeze. Swali hili hunijia kila mwezi, na kila mwezi muulizaji hasemi kinachotoka ni nini. Chakula kinachorudi kizima, muda mfupi baada ya kuliwa na bila tumbo kujikunja, kimecheuliwa, na mara nyingi chanzo ni ulafi: kitandaze kwenye sinia pana na ukigawe mara nne kwa siku. Kimo humsaidia kwelikweli paka ambaye umio wake umelegea, nao ni wachache. Tumbo likijikunja kwanza, huko ni kutapika, na kutapika kunakorudiarudia huweza kutokana na minyoo, utumbo, figo au tezi ya shingo, maradhi ambayo hayatibiwi kwa fanicha. Wiki mbili ulizokaa ukipima sentimita zilikuwa za daktari wa mifugo.

*Sisimizi wanavamia chakula chake. (Msomaji, Mombasa)*

Fudikiza bakuli zito ndani ya sinia lenye maji, kisha sahani ya chakula ikae juu yake. Dawa ya wadudu yenye pemethrini isikaribie hapo. Ni sumu kwa paka.

*Mbwa wangu mkubwa atumie bakuli hilohilo? (Msomaji, Arusha)*

Hapana. Kwa mbwa wa mbegu kubwa, bakuli la juu limehusishwa na tumbo kujaa gesi na kujipindua.

*Maji hayagusi ingawa nimeyainua. Nimpe maziwa? (Msomaji, Zanzibar)*

Maziwa huwaharisha paka wengi wazima. Paka wa nyumbani ametokana na paka mwitu wa nchi kame, ambaye sehemu kubwa ya maji yake huipata ndani ya windo. Kwa hiyo anayekula samaki wa kuchemshwa pamoja na maji yake yasiyo na chumvi huenda usimwone akinywa, wala si kosa. Anayelishwa chakula kikavu ndiye wa kuangaliwa. Maji yakae mbali na chakula na mbali zaidi na choo chake, katika bakuli pana la kauri au la stili, yabadilishwe kila siku. Plastiki hukwaruzika na kuficha uchafu. Na iwapo ni dume, ukimwona anachutama mara kwa mara akijikamua bila mkojo kutoka, usingoje kesho: njia imeziba, na paka wa namna hiyo hufa ndani ya siku mbili tatu.