Kopo Lililobonyezwa Kitako

SWALI: Assalamu alaykum mhariri. Kijana wangu yuko mwaka wa pili chuoni Kampala. Likizo hii amesema mtu hahitaji kumwamini Mungu ndipo jema na baya viwepo. Nikamjibu, "Ukimwondoa Mungu, kila mtu atafanya atakalo." Akaniuliza, "Baba, wizi ni mbaya kwa sababu Mungu ameukataza, au ameukataza kwa sababu ni mbaya?" Nilikosa jibu. Nimwambie nini? — Mzazi, Bombo

JIBU: Wa alaykum salaam, mzee wetu. Usidhani kijana amekufuru. Swali la namna hiyo lilitoka kinywani mwa Socrates, mwanafalsafa wa Ugiriki, katika maandishi ya mwanafunzi wake Plato, zaidi ya miaka 2,300 iliyopita. Wanazuoni wa Kiislamu nao walilijadili kwa ukali: kundi la Muutazila walisema akili inaweza kutambua ubaya wa dhuluma hata kabla ya wahyi, wapinzani wao Maashari wakasema kitendo huhesabiwa kibaya kwa kuwa Mungu amekikataza.

Twende sokoni. Kopo la kupimia maharage lina kina cha sentimita 16. Muuzaji analigonga chini mpaka kitako chote kinapanda ndani sentimita 1. Ukilitazama kwa nje ni kopo lile lile, lakini likijazwa usawa wa mdomo, fungu 1 katika 16 limepotea. Mama anayelipia makopo 16 anarudi nyumbani na 15. Sura ya 83 ya Qurani inafungua kwa kuwaonya wanaopunja vipimo, na Mithali 11:1 inaiita mizani ya hila chukizo kwa Bwana. Je, kama aya hizo zisingeshuka, mama huyo asingekuwa amedhulumiwa?

Hapa watu huchanganya maswali matatu: tunajuaje kwamba jambo ni baya, nini kinatuzuia tusilifanye, na ubaya wenyewe umesimama juu ya nini. Ulipomwambia kwamba kila mtu atafanya atakalo, ulikuwa unajibu la pili, na yeye aliuliza la tatu. Tena hoja hiyo huanguka upesi: atakutajia asiyeamini ambaye haibi, na mcha Mungu anayebonyeza kopo.

Kwa hilo la tatu, sisi tunaona kwamba asiyeamini anao msingi wa kusimamia. Ulio imara zaidi ni wa Kant, mwanafalsafa Mjerumani, mwaka 1785, ingawa yeye mwenyewe hakumkana Mungu: ufuate tu kanuni ambayo ungeweza kutaka kila mtu aifuate. Ujanja wa kopo unaleta faida pale tu wengine wanapoendelea kupima kwa makopo mazima. Soko zima likibonyeza, wanunuzi watashusha bei na faida itakwisha. Kwa hiyo muuzaji anataka kanuni iwabane wenzake, yeye imwachie. Hata soko zima likipiga kura kumuunga mkono, kasoro hiyo haiondoki.

Ila kijana asiinuke akidhani amemaliza. Hume, mwanafalsafa wa Uskoti, katika karne ya 18, alionyesha kwamba ukijua jambo lilivyo hujajua bado linavyopasa kuwa. Upungufu wa kopo unapimwa kwa rula. Wajibu wa kutopunja haupimwi hivyo. J. L. Mackie, mwanafalsafa ambaye hakuamini Mungu, aliandika mwaka 1977 kwamba maadili yasiyotegemea fikra za watu hayapo kabisa. Muulize kijana anamjibuje huyo mwenzake. Naye atakuuliza: Mungu angeamuru kupunja, kupunja kungekuwa kwema? Usimjibu kwamba hayo hayaulizwi. Thomas Aquinas, mwanateolojia wa Kikristo, na waumini wengi wamejibu kwamba wema unatokana na jinsi Mungu Mwenyewe alivyo, kwa hiyo hawezi kuamuru dhuluma. Anzeni mazungumzo hapo.

SWALI: Waacholi wa kaskazini mwa Uganda walikuwa na maadili kabla ya wamisionari. Je, mato oput, desturi yao ya kupatanisha koo baada ya mauaji, haithibitishi kwamba maadili hayahitaji Mungu? — Mwalimu, Gulu

JIBU: Inathibitisha kidogo kuliko unavyotaka, mwalimu. Ni kweli Okot p'Bitek, mshairi na msomi Mwacholi, alishikilia kwamba wamisionari walitafuta kwa Waacholi Muumba mmoja ambaye Waacholi hawakuwa naye. John Mbiti, mwanateolojia Mkenya aliyefundisha Chuo Kikuu cha Makerere kuanzia 1964 hadi 1974, aliona kinyume: kwamba Waafrika walimjua Mungu tangu zamani. Lakini hata ukimfuata Okot, mato oput haikosi yasiyoonekana, kwani cen, roho ya aliyeuawa, huwaandama muuaji na watu wake.

Tazama hata hivyo utaratibu wake. Upande wa muuaji unakiri, fidia inalipwa, kisha koo mbili zinakunywa maji machungu ya mzizi wa oput kutoka kibuyu kimoja. Hofu ya cen inaeleza kwa nini ukoo hautaki kuchelewa. Kwa nini kuua kulikuwa kosa hata pawe na la kukiri, hilo hofu haielezi. Darasani, andika maswali hayo mawili ubaoni mbalimbali kabla ya kufungua mdahalo, la sivyo wanafunzi watajibizana saa nzima, kila upande ukijibu swali lake.