Kihisi cha miliampia 4 hadi 20 kwenye simtanki

Kaka, umeuliza kama kihisi chako cha kina cha maji, chenye nyaya mbili, kimekufa kwa sababu namba zake zinarukaruka. Hakijafa. Umekichomeka moja kwa moja kwenye pini ya ESP32, ile bodi ndogo ya kompyuta yenye WiFi, na pini hiyo inasoma volti, wakati kihisi kinatoa mkondo. Ndiyo maana Home Assistant, programu yako ya kusimamia vifaa vya nyumbani, inakuonyesha namba zinazorukaruka.

Fanya hivi. Chanya ya pawasapulai ya volti 24 iende kwenye waya chanya wa kihisi. Waya wa pili uende kwenye rezista ya omu 150, na mguu wa pili wa rezista uende kwenye hasi, hasi ileile ya ESP32. Hapo miliampia 4 zinakupa volti 0.6, na 20 zinakupa 3.0.

Usisomee kwenye pini ya ESP32, haiko sahihi sana. Nunua bodi ndogo ya ADS1115, inayopima volti na kuipa ESP32 namba, uipe volti 3.3, kisha toa waya pale kihisi kinapokutana na rezista ya omu 150, upitishe kwenye rezista ya kilo-omu 10 kabla ya mlango wake wa kupimia. Usiidharau hiyo: mimi niligusanisha nyaya za kihisi umeme ukiwa umewaka, volti 24 zikapita zote na bodi ikatoa moshi.

Kwenye ESPHome, programu ya kuipangia ESP32 kazi, tumia calibrate_linear, mpangilio wa kugeuza volti kuwa mita: 0.6 iwe mita 0, 3.0 iwe mita 5, maana kihisi chako ni cha mita 5. Tangi la mita 2 likijaa, utegemee kama volti 1.56. Ukiona chini ya 0.5, waya umekatika. Tangi tupu halishuki hapo.