Sarafu mbili, muhuri mmoja? Tazama mahali, usitazame sura

Sarafu za kale zilipigwa kwa mkono. Muhuri wa chini ulikazwa kwenye fuawe, kipande cha metali kikawekwa juu yake, kisha muhuri wa juu ukashikiliwa na kugongwa nyundo. Kila muhuri ulichongwa peke yake, kwa hiyo hata mchongaji mmoja akiiga mfano uleule hatoi miwili inayolingana nukta kwa nukta.

Anayeanza kutafuta kama sarafu mbili zimetoka muhuri mmoja hulinganisha sura, na hapo ndipo anapopotea. Bundi wa sarafu za Athens wanafanana mno hata wakitoka kwenye mihuri tofauti. Angalia vitu vimekaa wapi. Herufi ya alfa iko usawa wa jicho la bundi au chini yake? Ncha ya mwezi mwandamo inaelekea jani lipi la mzeituni? Uchakavu hufuta alama lakini hauihamishi. Jani likikosekana, huenda limesuguliwa tu. Likiwa mahali pengine, muhuri ni mwingine. Chagua alama zilizo katikati ya sarafu, maana karibu na ukingo metali hutanuka kwa pigo na herufi huvutika kuelekea nje.

Picha mbaya ndiyo inayoharibu kazi nyingi. Zungusha sarafu mpaka mchoro usimame wima, ndipo upige picha, mwanga ukitoka upande uleule kila mara. Ukizungusha picha baadaye, vivuli navyo vinazunguka, na pua ileile itaonekana kama mbili. Kamera iwe juu kabisa ya sarafu, umbali wa sentimita 30 au zaidi. Lenzi ikisogea karibu mno hupotosha vipimo.

Kwenye kompyuta, usilinganishe ukubwa kwa kipenyo, kwa sababu vipande vya metali havikuwa sawa. Weka picha moja juu ya nyingine, chukua nukta mbili za mchoro zilizo mbali, zikutanishe, kisha fifisha picha ya juu hadi asilimia 50 ili ya chini ionekane. Nukta ya tatu na ya nne ndizo zitakazoamua. Zikikataa, hakikisha kwanza kwamba sarafu haikulala upande wala haikupigwa mara mbili.

Mstari mwembamba ulioinuka juu ya sarafu mara nyingi ni ufa wa muhuri. Usiikatae sarafu isiyo nao: huenda ilipigwa kabla muhuri haujapasuka. Ufa ukirefuka kutoka sarafu moja hadi nyingine, umepata mfuatano wa upigaji, na hilo ni tunu kweli kweli.

Ukiwa na sarafu 50 unakabiliwa na jozi 1,225, basi zipange kwanza kwa maandishi na alama. Anza na upande wa muhuri wa chini, ambao kwa kawaida ndio wenye kichwa. Muhuri wa juu ulipokea nyundo moja kwa moja ukafa mapema, kwa hiyo mmoja wa chini hukutana na kadhaa ya juu.

Ufanano ukizidi, shtuka. Muhuri hurudia mchoro. Haurudii umbo la ukingo, mikwaruzo wala mabonde ya ajali. Vyote hivyo vikilingana, angalau sarafu moja ni ya bandia, na huenda imemiminwa kwenye kalibu. Kagua kingo zote mbili kwa lenzi utafute mshono, na utazame kama kuna vitundu vya hewa juu ya uso.